Kupanda Mchongoma kwa Baiskeli ya Umeme

Siku hizi si jambo la ajabu mama wa Moshi, wa Mbeya au wa Nyeri kusafiri kwenda Ulaya kumtembelea mwanawe. Binti amejifungua, au kijana ameoa huko, na mama anaitwa akae miezi miwili mitatu amwone mjukuu. Anaandaliwa kila kitu: chumba chenye joto, chakula anachokipenda, matembezi ya mjini. Kisha Alhamisi moja jioni mkwe anasema kwa furaha, "Mama, Jumamosi tutakwenda milimani. Tumekukodia baiskeli." Mama anacheka akidhani ni mzaha. Ana miaka 58, mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa msichana, na magoti yanamsumbua. Anaambiwa asiwe na wasiwasi, baiskeli ni ya umeme, inapanda yenyewe.

Maneno hayo, "inapanda yenyewe", ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Ni kweli nusu. Baiskeli ya umeme itamfikisha mama huyo mahali ambapo kwa nguvu za miguu yake peke yake asingefika, na akifika atafurahi sana. Lakini wahenga wetu walikwisha kusema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mota humsaidia mtu kupanda. Wakati wa kushuka haina msaada wowote. Hapo kazi ni ya breki, mikono na akili ya mpandaji. Kwa hiyo mtu anayechagua njia ya milimani kwa baiskeli ya namna hii asianze kwa kuuliza, "Je, nitaweza kupanda?" Aulize, "Je, nitaweza kushuka?"

Ili jambo hili lieleweke vizuri nitachukua kijiji kimoja tu, Grindelwald, katika jimbo la Bern nchini Uswisi. Vijiji vya milimani vyenye njia za baiskeli viko vingi huko, na pia Austria, Italia na Ufaransa. Hiki nimekichagua kwa sababu njia zake ni za kila aina, za anayejifunza na za bingwa, na karibu zote zinaanzia mahali pamoja.

KIJIJI CHENYEWE

Grindelwald kiko mita 1,034 juu ya usawa wa bahari, chini kuliko Lushoto yetu. Wakazi wake ni kama elfu nne hivi, ingawa majira ya joto na majira ya theluji wageni huwazidi wenyeji. Unafika kwa treni kutoka Interlaken, safari ya nusu saa na dakika chache, kwenye reli iliyofunguliwa mwaka 1890. Ukishuka stesheni na kuinua macho unakutana na ukuta wa mawe. Huo ni mlima Eiger, mita 3,967. Sisi tuliozoea Kilimanjaro yenye mita 5,895 tunaweza kuuona mdogo. Lakini Kilimanjaro huinuka taratibu na kilele chake kiko mbali na migomba ya watu. Eiger umesimama karibu kabisa na nyumba, na upande wake wa kaskazini ni kama umekatwa kwa panga kutoka juu hadi chini, mita zipatazo 1,800. Ukuta huo haukupandwa hadi mwaka 1938, na wengi walikufa wakijaribu. Mwanamke wa kwanza kuumaliza, Daisy Voog kutoka Ujerumani, alifika kileleni mwaka 1964. Kwa njia nyingine iliyo nyepesi zaidi, Mwingereza Lucy Walker alikuwa amekwisha kufika kwenye kilele hicho hicho miaka mia moja kabla yake, mwaka 1864, wakati ambapo wanawake wa kwao walitazamiwa kukaa sebuleni na kudarizi.

Kisa ninachokipenda zaidi cha kijiji hiki, hata hivyo, ni cha Christian Almer na mkewe Margaretha. Almer alikuwa mmojawapo wa viongozi wa wapanda milima waliosifika sana, naye alikuwamo katika kundi la kwanza kufika kilele cha Eiger mwaka 1858. Mwaka 1896 wazee hao walitimiza miaka 50 ya ndoa. Badala ya kukaa nyumbani wapokee pongezi, walipanda pamoja mlima Wetterhorn, mita 3,692, wote wawili wakiwa na miaka 70 au zaidi kidogo. Huwakumbuka hao kila nisikiapo mtu akisema kwamba mlima si mahali pa bibi.

BAISKELI YA AINA GANI?

Baiskeli ya mlimani isiyo na umeme ina matairi mapana yenye meno, gia nyingi, breki za sahani, na springi mbele, pengine na nyuma pia. Ya umeme ni hiyo hiyo, ila imeongezewa mota ndogo penye pedali na betri kwenye bomba la chini la fremu. Si pikipiki. Usipokanyaga pedali haiendi. Unapokanyaga, mota huhisi nguvu ya mguu na kuongeza ya kwake, kidogo au nyingi, kutegemea daraja ulilochagua kwa kitufe kwenye usukani. Mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa mota hujiondoa na kukuachia mwenyewe. Zipo pia zinazosaidia hadi kilomita 45 kwa saa. Hizo Uswisi hutakiwa kuwa na namba ya manjano, leseni na kofia ngumu kwa sheria. Kwa mgeni milimani hazifai.

Kwa zile za kilomita 25, mtu wa miaka 16 na zaidi hahitaji leseni. Wa miaka 14 na 15 ni lazima awe nayo, na aliye chini ya hapo haruhusiwi kabisa. Kofia ngumu hapa hailazimishwi na sheria, lakini mimi nisingemruhusu mtu wangu kuondoka bila kofia, hata kama nywele zimesukwa jana yake. Tangu Aprili 2022 taa lazima iwake hata mchana. Sheria ile ya umri huleta jambo la kuchekesha: bibi ana mota, mjukuu wa miaka 12 hana, na kwa mara ya kwanza ni mtoto anayepiga kelele nyuma akiomba asubiriwe.

Tuje kwenye betri. Nyingi hubeba wati-saa 500 hadi 750. Hesabu yake si ngumu. Mama wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 25 ni mzigo wa kilo 100. Kuuinua mzigo huo mita 1,000 kwenda juu kunahitaji wati-saa zipatazo 270, kabla hujahesabu kinachopotea kwa joto la mota, kwa changarawe na kwa upepo. Sehemu ya kazi hiyo mama anaifanya kwa miguu yake, lakini akiweka msaada wa juu kabisa toka mlangoni, betri ya 500 inaweza kumwishia kabla hajamaliza njia ndefu. Basi aanze na msaada mdogo, aongeze penye mwinuko mkali tu. Wako wanaodhani kwamba betri hujijaza wakati wa kushuka. Kwa baiskeli nyingi za mlimani la hasha, haijijazi. Na siku ya baridi hupungua upesi zaidi.

Uzito ule wa kilo 25 ukumbukwe. Unazidi ndoo ya maji ya lita 20, na kila mama anajua ndoo hiyo inavyomvuta mtu akiteremka nayo kilima chenye utelezi.

NJIA YA KUANZIA

Siku ya kwanza isiwe ya kupanda. Iko njia inayotoka Grindelwald kuelekea Interlaken kando ya mto Lütschine, kama kilomita 20, ikipita msituni na mashambani. Toka mwanzo hadi mwisho unashuka mita zipatazo 460 tu, tena kwa kugawanywa, vipande vya kuteremka vikifuatwa na vipande vya tambarare. Hapo mama anapata nafasi ya kuizoea baiskeli, kuzijua breki na kusikia mota inavyovuta. Akichoka, reli iko karibu naye karibu njia yote. Akifika Interlaken, kati ya maziwa mawili ya Thun na Brienz, anapandisha baiskeli kwenye treni, analipia tiketi yake na ya baiskeli, na kurudi kijijini ameketi.

Jambo moja lisisahauliwe hata kwenye njia hiyo rahisi: Uswisi hupita kulia. Sisi tuliokulia kwenye kupita kushoto, tukikutana na trekta ghafla kwenye kona, mkono huvuta upande tuliouzoea. Heri kuwa na mwenyeji anayetangulia.

Anayetaka kupanda kwa mara ya kwanza naye aende Bussalp. Ni malisho yaliyo karibu mita 1,800, na barabara ya lami inafika huko kwa sababu basi la kijiji hupanda hadi juu. Kuna mkahawa, na ukikaa nje unauona Eiger wote mbele yako. Wajuzi wa baiskeli huiona njia hii kuwa haina ladha kwa sababu unarudi kule kule ulikotoka. Mimi naona hiyo ndiyo faida yake kubwa. Ukishuka njia uliyopanda, kila kona umekwisha kuiona, unajua wapi pana mwinuko mkali, wapi pana mchanga umemwagika juu ya lami. Zaidi ya hayo, mtu akipatwa na hofu juu, anaweza kuuliza basi kama lina nafasi, au akashuka akiisukuma baiskeli bila kupotea.

GROSSE SCHEIDEGG

Njia inayopendwa kuliko zote ni ya Grosse Scheidegg, na nitakaa hapa kidogo. Jina lake maana yake ni Scheidegg Kubwa, na ng'ambo ya bonde iko Kleine Scheidegg, yaani Scheidegg Ndogo. Ajabu ni kwamba ile Ndogo ina mita 2,061 na hii Kubwa ina mita 1,962 tu. Wenyewe hawaoni tatizo.

Kutoka kijijini hadi kwenye uwanda huo ni kama kilomita 11, na unapanda zaidi ya mita 900. Barabara ni ya lami, nyembamba, na magari ya watu binafsi hayaruhusiwi sehemu ya juu. Yaliyoruhusiwa ni mabasi, na magari ya wenye kazi huko. Dereva wa basi akikaribia kona asiyoiona vizuri hupiga honi ya sauti tatu zinazofuatana kama mwanzo wa wimbo. Sauti hizo zimetolewa katika muziki wa Rossini wa Guillaume Tell. Ukiisikia usisubiri kuona. Sogea kando, simama, weka mguu chini. Basi linahitaji barabara yote.

Njiani, penye hoteli ya Wetterhorn, utakuta kumbukumbu ya gari la kwanza la kuning'inia kwenye waya kubeba abiria nchini Uswisi, lililofunguliwa mwaka 1908 na kufungwa baada ya miaka michache tu, Vita Kuu ya Kwanza ilipokatisha utalii. Mahali hapo zamani barafu ilishuka karibu kabisa na barabara. Katika karne ya 19 barafu za Grindelwald zilifika bondeni, watu wakawa wanazigusa. Leo imekubidi uitafute kwa macho juu kabisa kati ya mawe. Sisi tunaoitazama Kibo ikipoteza weupe wake hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya hoteli mwinuko unakaza. Hapa ndipo mota inapompa mama furaha ambayo hakuitazamia. Anakanyaga kwa utaratibu, anapumua, anaweza hata kuzungumza, huku Wetterhorn ukiwa juu ya bega lake la kulia. Kijana asiye na umeme anapita akitokwa jasho, au anapitwa. Aliyezoea kubaki chini na mabegi, akiwasubiri wengine warudi wamsimulie, anafika juu pamoja nao. Sidharau jambo hilo hata kidogo. Nafikiri ndiyo faida ya kweli ya chombo hiki, kuliko mbio zote zinazotangazwa.

Juu pale kuna hoteli na kituo cha basi, na mbele yako njia ni tatu. Ya kwanza ni kurudi ulikotoka, kwa lami. Ya pili ni kuendelea kushoto kwenye barabara ya changarawe, kama kilomita 6, kupita malishoni hadi First, mita 2,168. Kipande hiki hakipandi sana na mandhari yake ni mazuri kupita kiasi, lakini fahamu kwamba ukifika First umebakiza zaidi ya mita 1,100 za kushuka hadi kijijini, nyingine kwenye changarawe, na wakati wa likizo unachangia baadhi ya njia na watalii waliokodi vigari na skuta za kuteremkia. Ya tatu ni kuteremka upande wa pili, kupita Schwarzwaldalp na Rosenlaui hadi Meiringen, mita 595. Ni mteremko mrefu, zaidi ya mita 1,300, ila umetulia, una misitu, na karibu na mwisho yako maporomoko ya Reichenbach, ambako mwandishi Arthur Conan Doyle alimtumbukiza mpelelezi wake Sherlock Holmes katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1893. Kutoka Meiringen unarudi kwa treni kupitia Interlaken. Kwa mgeni ningeshauri ile ya kwanza, na kama ana mazoezi ya siku tatu nne, ya tatu.

Kleine Scheidegg nitaitaja tu. Unapanda kutoka Grund, bondeni kabisa, kupitia Alpiglen chini ya ukuta wa Eiger, zaidi ya mita 1,100 za mwinuko. Reli ya mwaka 1893 inapita huko huko, na kutoka juu ndipo inapoanzia ile nyingine ya mwaka 1912 inayofika Jungfraujoch, mita 3,454. Wenye uzoefu huteremka upande wa pili hadi Wengen, kijiji kisicho na magari, kisha Lauterbrunnen penye maporomoko ya Staubbach yenye urefu wa karibu mita 300, na kufunga mzunguko kupitia Zweilütschinen. Kipande cha kati ya Wengen na Lauterbrunnen kinashuka karibu mita 480 ghafla msituni. Mtu asiyekijua asikijaribie huko.

SASA KUSHUKA

Idara zinazoshughulikia usalama nchini humo zimeonya mara nyingi kwamba sehemu kubwa ya ajali mbaya za baiskeli za umeme ni za mtu peke yake. Hakugongwa na gari. Alianguka mwenyewe, kwenye kona, kwenye changarawe, au kwa kushika breki vibaya. Na wengi si vijana.

Kabla ya kuondoka dukani mwambie mwenye kukodisha akuonyeshe breki, kisha zunguka naye uwanjani. Uswisi kwa kawaida breki ya mkono wa kushoto ndiyo ya gurudumu la mbele. Baiskeli nyingi za kwetu ni kinyume chake. Breki hizi za sahani zina nguvu sana. Ukibana ya mbele kwa hofu, gurudumu husimama, na wewe huendelea mbele juu ya usukani. Jifunze kubana zote mbili pamoja, kwa kidole kimoja au viwili, polepole. Fanya hivyo mara kumi uwanjani, usione haya.

Njiani, punguza mwendo kabla ya kona na si ndani ya kona. Ndani ya kona, hasa penye changarawe, tairi linalobanwa huteleza. Weka pedali zote mbili usawa mmoja, inuka kidogo kitako kisikalie tandiko, rudisha uzito nyuma, magoti yalegee. Tazama mbali unakotaka kwenda. Anayelitazama jiwe hulifuata jiwe. Kama duka lina baiskeli yenye tandiko linaloshuka kwa kitufe, lishushe kabla ya mteremko, miguu ifike chini bila shida.

Usiburute breki mfululizo kwa nusu saa. Sahani hupata moto, breki huanza kulegea, na mikono hufa ganzi. Bana, achia, bana. Kila baada ya dakika kumi simama mahali penye nafasi, unyooshe vidole, unywe maji. Watoto wasiguse zile sahani. Zinaunguza kama sufuria lililotoka jikoni. Na ukifika mahali moyo unakukataza, shuka utembee. Baiskeli nyingi za umeme zina kitufe kinachoisaidia kusogea polepole ukiisukuma kupanda, lakini kwenda chini ni mikono yako tu, basi tembea kando yake, vidole vikiwa kwenye breki zote mbili. Mkwe asimcheke mama. Mkwe mwema ndiye anayetangulia mita ishirini na kusimama kila kona kumsubiri.

Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo amwulize daktari kwanza. Mota hupunguza kazi, haiiondoi, na mita 2,000 ni juu. Likitokea la kutokea, namba ya gari la wagonjwa Uswisi ni 144, na ya helikopta za uokoaji za Rega, shirika lililoanzishwa mwaka 1952, ni 1414. Ziandike kwenye simu mkiwa bado kijijini.

MLIMA UNA WENYEWE

Yale majani mazuri unayopita katikati yake si bustani ya wageni. Malisho ya Grindelwald yamegawanywa kwa vyama saba vya wafugaji, na taratibu zake zimeandikwa tangu karne ya 15. Haki ya kuchunga imehesabiwa kwa idadi ya ng'ombe, nayo imeshikamana na mashamba ya bondeni, ili mtu asipeleke juu mifugo mingi kuliko anayoweza kuilisha. Kuanzia Juni hadi Septemba ng'ombe wako juu, na jibini hutengenezwa huko huko. Ukikuta lango, lifunge kama ulivyolikuta limefungwa. Ng'ombe mwenye ndama huwa mkali, hata huyu wa Kizungu mwenye kengele shingoni. Shuka, pita mbali naye taratibu, wala usimshike ndama hata kama mjukuu anataka picha.

Watembea kwa miguu nao wana malalamiko yao, na mengi ni ya haki. Njia iliyokuwa kimya miaka yote sasa ina watu wanaotokea nyuma kwa kasi, tena wengine ni wale ambao bila mota wasingefika. Vibao vya manjano ni vya wanaotembea, vyekundu vyenye picha ya baiskeli ni vya baiskeli. Panapochangiwa, anayetembea ndiye wa kwanza. Piga kengele ukiwa mbali, punguza mwendo, na sema "Grüessech", yaani salamu ya kwao. Bibi wa Kiswisi mwenye fimbo mbili akisalimiwa vizuri huacha kununa.

Nami nikiwaza habari za wenye milima, mawazo yananirudisha kwetu. Usambara nako wageni huzunguka kwa baiskeli za mlimani, kutoka Lushoto kupita vijijini, na vijana wa kuwaongoza wapo. Ningependa siku moja mota hii imfikie kwanza mama anayepanda kilima kile na kabichi kichwani, kabla ya mgeni mwenye kamera.

MAVAZI NA WAKATI

Suala la suruali linawasumbua baadhi ya mama zetu. Sketi ndefu na khanga huingia kwenye cheni na kwenye spoku, na hapo ajali haina mjadala. Vaa suruali, funga khanga ndani ya mfuko wa mgongoni, ukifika mkahawani ujifunge. Chukua glavu, koti la mvua na sweta hata kama chini kuna jua kali, kwa sababu ukishuka ukiwa na jasho upepo hukutoboa. Maji, mkate, ndizi. Bei za mikahawa ya juu zitakutia simanzi, na kukodi baiskeli nako si rahisi, basi ulizeni mapema kama ni kwa nusu siku au siku nzima.

Ondokeni asubuhi. Majira ya joto mawingu ya radi hukusanyika mchana kwenye milima hiyo, na mtu anayeshuka kwenye lami iliyolowa ana kazi maradufu. Njia za juu kwa kawaida huwa wazi kuanzia mwishoni mwa Mei au Juni hadi Oktoba, kutegemea theluji.

Theluji ikishuka baiskeli hufungiwa stoo, na wenyeji hutoa chombo kingine kiitwacho velogemel. Kinafanana na baiskeli ya mbao, ila mahali pa magurudumu pana mbao mbili za kuteleza, ya mbele ikigeuzwa kwa usukani. Ndugu zetu wa Goma wenye chukudu zao wangekielewa mara moja. Kilibuniwa mwaka 1911 na fundi wa kijiji hicho, Christian Bühlmann, ambaye miguu yake ilikuwa na ulemavu na kutembea kwenye theluji kulimshinda. Watoto walikwenda nacho shuleni, posta alikitumia kupeleka barua, na tangu mwaka 1996 hufanyika mashindano yake ya dunia pale pale Grindelwald. Kupanda nacho unakivuta kwa mkono au unakibeba. Kushuka unakikalia, na breki yake ni visigino vya viatu vyako.